Komesha na Mende Wasiopenda Utamu

Mume wangu anaitwa Komesha. Jina alilopewa na wazazi wake lipo, liko kwenye kitambulisho, lakini mtu akija mlangoni akalitaja hilo, hata mimi hujiuliza kwanza anamtafuta nani. Komesha ni jina la kazi. Limeandikwa kwa rangi nyekundu ubavuni mwa sanduku la bati lililofungwa nyuma ya baiskeli yake: KOMESHA MENDE. Chini ya maandishi amechorwa mende amelala chali, miguu juu. Mchoro ni wangu. Mimi kazi yangu ni kupamba keki bekari, na mende yule nilimchora kwa mkono huuhuu unaochora maua ya keki za maharusi. Watu wanasema ametoka vizuri kuliko maua.

Mimi ni mkewe, kwa hiyo nina ruhusa ya kumsema. Wewe ukimsema utanitambua.

Ni mtu mrefu, mwembamba, anatembea kama hataki sakafu ijue. Tukialikwa mahali, wenzake wanasalimiana na wenyeji, yeye anasalimiana na nyuma ya friji. Siku ya posa yangu alikaa mbele ya baba yangu, akaulizwa anajishughulisha na nini, na badala ya kujibu akanyoosha kidole kwenye mguu wa kabati akasema, "Mzee, hapo unao." Baba akacheka mpaka akatoa machozi, na posa ikapita. Mpaka leo sijui kama niliolewa kwa mapenzi au kwa ajili ya kabati.

Siri ya kazi yake ni tonge. Anakanda vidonge vidogo, ukubwa wa punje ya mahindi, kwa unga, sumu nyeupe ya poda, na kitu cha tatu ambacho eti hakuna anayekijua. Kitu hicho ni glukosi, ile ya kopo, wanayopewa wagonjwa na wakimbiaji. Mtaa mzima unajua, kwa sababu mama wa duka la dawa anamwona mwanamume mzima kama jiwe akinunua makopo ya glukosi kila mwezi. Akiulizwa, anajibu kwamba mkewe anaishiwa nguvu. Mimi! Mimi ninayebeba magunia ya sukari peke yangu!

Lakini haki ya mtu mpe. Tonge lile lilikuwa linaua. Mende anapenda utamu kuliko anavyopenda maisha, na Komesha aliujua udhaifu huo kabla sumu za kopo hazijafika mjini kwetu. Bekari yetu aliianza binti yetu akiwa anatambaa, na binti yetu sasa ni mwalimu wa sekondari, anafundisha elimu ya viumbe, na nyumbani tunamwita Mwalimu hata tunapomtuma chumvi. Miaka yote hiyo Komesha aliweka tonge jioni, asubuhi tukafagia mizoga. Alikuwa anasimama mlangoni, mikono nyuma, anatazama ufagio unavyopita kama anakagua gwaride.

Halafu utamu ukaisha.

Mwanzo walikuwa wachache. Nafika asubuhi, nawakuta wale mende wadogo wa kahawia, wenye mistari miwili mgongoni, wanazunguka tonge kama wapita njia wanaomzunguka mlevi aliyelala barabarani. Mmoja anasogea, anagusa kwa mdomo, anaruka nyuma, anajifuta uso. Namwambia mume wangu, anasema nimeona vibaya. Baada ya miezi kadhaa walikuwa hawazunguki tena, wanapanda juu ya tonge na kuliruka kama tuta, wanaenda zao kwenye makombo.

Komesha akaanza kutafuta mchawi. Wa kwanza alikuwa mama wa duka la dawa, eti anauza glukosi ya bandia. Akaenda kununua duka jingine, mbali, na baiskeli ikapata pancha njiani. Mende wakaikataa hiyo nayo.

Mchawi wa pili walikuwa mende wenyewe. Akakata shauri kwamba wamepeana habari. Wazee wao, alisema, waliona wenzao wakifa, wakawaambia watoto, watoto wakawaambia wajukuu. Kwa hiyo dawa ni kuwavunjia mawasiliano. Akapiga marufuku neno tonge ndani ya bekari. Tuliamriwa tuliite "mgeni." Unamsikia mtu mzima ananong'ona kwenye kona ya tanuri: "Mgeni amefika? Mgeni amekaa wapi?" Wapakiaji wa mikate wakawa wanaulizana mgeni huyo ni nani na kwa nini hasalimiwi.

Hilo nalo halikusaidia. Akaniambia kwamba, kwa maoni yake, wanamtambua kwa sura na mwendo. Jioni moja wakati wa kufunga nikamwona anaingia bekari kwa mlango wa nyuma, amevaa gauni langu la maua na kofia yangu ya kazi, anatembea kwa madaha, na sanduku lake limefunikwa kitambaa. Mama Bosi, mwenye bekari, alikuwa dirishani anafunga makufuli. Akaniita.

"Yule dada mrefu ni nani?"

"Ni ndugu yetu upande wa mume," nikasema. Sikusema uongo.

"Mwambie gauni limempenda."

Niliinamia meza ya keki nikajifanya natafuta kitu sakafuni mpaka kicheko kiliponiacha. Asubuhi yake mende walikuwa wengi kuliko jana, na gauni langu limepasuka kwapani.

Hapo bado nilikuwa nacheka. Kicheko kilikatika siku mteja alipoleta mkate, akaufungua mbele ya kaunta, na katikati ya kipande cha tatu akawemo mende aliyeokwa vizuri kabisa, hana hata mguu uliopungua. Mama Bosi alibadilika rangi. Alimrudishia mteja haki yake, akamsindikiza kwa maneno matamu, kisha akafunga mlango na kutukusanya wote kwenye meza ya kukandia.

"Komesha," akasema, "umekula kwenye bekari hii miaka mingi. Niambie leo. Wewe umechoka, au kuna kitu?"

Na Komesha, kwa kuwa mfa maji haachi kutapatapa, akainua kidole. Akasema, "Mama, kikulacho ki nguoni mwako. Kuna mtu anayapaka matonge yangu shubiri. Mende akionja anaruka, nimeona kwa macho yangu. Na mtu huyo nilimkuta asubuhi na tonge mkononi."

Kidole kilikuwa kinamwelekea mkandaji wetu. Na mkandaji wetu ni mdogo wangu, tumbo moja, nilimbeba mgongoni kabla sijajua kuandika.

"Shemeji," mdogo wangu akasema, "nililiokota mezani lisije likaingia kwenye unga!"

"Mbona hukuniambia?"

"Si ulisema mgeni asitajwe?"

Watu wawili watatu walicheka, na kicheko kile ndicho kilichomponza. Mama Bosi hakuwa katika hali ya kuchekewa. Akamwambia mdogo wangu avue aproni, aende nyumbani mpaka ijulikane kweli iko wapi, na ikifika mwisho wa mwezi haijajulikana, ataajiri mkandaji mwingine. Mdogo wangu alivua aproni, akaikunja, akaitundika kwenye msumari wake karibu na chekeche la unga. Ana watoto wawili na wa tatu njiani, na kazi ya kukanda ndiyo pekee anayoijua. Alipita mbele yangu bila kunitazama, kwa sababu mimi ni dada yake lakini pia ni mke wa kidole kile.

Nilimkasirikia mume wangu vibaya sana. Sikumpigia kelele. Niliendelea kumpikia kama kawaida, ila chumvi nilisahau. Nilisahau jioni ile, nikasahau kesho yake, nikasahau wiki nzima. Yeye alikula kimya, kwa kuwa alijua, na mimi nilijua kwamba anajua, na kopo la chumvi lilikuwa katikati yetu kwenye rafu bila mtu kuligusa.

Nikampigia simu Mwalimu. Nikamweleza yote: tonge, mgeni, gauni, kidole. Akacheka sana kwenye gauni, akanyamaza kwenye kidole.

"Mama," akasema, "nyumba ambazo baba ameanza kuzihudumia karibuni, huko mende wanakufa au hawafi?"

Nikafikiri. "Wanakufa. Wanakufa vizuri tu. Wanaomsumbua ni wa bekari, na wa ile hosteli ya zamani, na wa nyumba za mwanzo mwanzo."

"Yaani pale alipowapiga muda mrefu zaidi."

"Yeye anasema huko kwingine habari haijafika."

"Nakuja na mzigo," akasema. "Usimwambie."

Alikuja shule zilipofunga, na begi kifuani amelikumbatia kama mtoto mchanga. Ndani ya begi mlikuwa na chupa ya jemu, na ndani ya chupa mlikuwa na mende, majike, kutoka stoo ya bweni la shule yake. Huko baba yake hajawahi kukanyaga. Kila jike alikuwa amebeba mfuko wa mayai nyuma, kama wanavyofanya hawa wadogo, hauachi mpaka watoto wanapotoka. Basi nyumba ya Komesha, ambayo tangu tuhamie haijawahi kupitiwa na mende hata kwa bahati mbaya, ikafuga mende chini ya kitanda cha mwenye nyumba. Nilipata raha ambayo siwezi kuieleza.

Mimi nikaleta wangu kutoka bekari, majike vilevile, wenye mayai yaliyokaribia kupasuka. Tukawaweka kwenye chupa nyingine. Midomo ya chupa tukaipaka mafuta ya mgando ndani ili wasipande. Mwalimu akawa anawapa mkate mkavu na maji kwenye pamba, basi. Glukosi hawakuiona wala kuinusa.

Komesha aliwagundua siku ya tatu, usingoje nikwambie vipi. Pua ya yule mtu. Tulimsikia chumbani anasema, "Haiwezekani," halafu akatoka na chupa mbili, uso umemkauka.

"Nani kaniletea maadui kitandani?"

"Mimi, baba," Mwalimu akasema. "Kaa kwanza."

"Ni mambo yenu yale ya shule? Nilishakwambia, mimi sikutokana na nyani."

"Hakuna aliyemtaja nyani, baba. Tunazungumzia mende."

Akakaa, chupa magotini. Mwalimu akamuuliza maziwa anayapatanisha vipi na tumbo lake. Swali la bure, kwa sababu nyumba nzima inajua: Komesha akinywa maziwa, usiku ule hakuna anayelala.

"Ulifundishwa kuyachukia?"

"Nimezaliwa hivyo. Mama yangu alikuwa hivyo, na babu yangu."

"Haya. Sasa chukulia kuna jitu kubwa linapita mitaani, mwaka nenda mwaka rudi, linaacha maziwa yenye sumu kwenye kila mlango. Wanaopenda maziwa wanakunywa, wanakufa kabla hawajazaa. Wasioyaweza wanayaacha, wanaishi, wanazaa watoto wenye matumbo kama yao. Vizazi vikipita, mtaa utabaki na nani?"

Komesha akafikiri. Akanyoosha mgongo. "Ukoo wetu," akasema, tena kwa fahari.

"Mungu apishe mbali," nikasema mimi.

"Na jitu hilo," Mwalimu akaendelea, "liliwafundisha watu kuchukia maziwa?"

"Hapana. Limewamaliza wanaoyapenda, wakabaki wengine."

"Basi ndivyo ilivyokuwa bekari. Zamani mende wengi walipenda glukosi. Wachache sana, kwa bahati tu, walizaliwa mdomo umepinda, glukosi kwao ni chungu. Siku hizo kasoro ile haikuwasaidia kitu, pengine iliwalaza njaa. Ukaja wewe na tonge. Ghafla wenye mdomo mzima wanakufa, wenye mdomo uliopinda wanabaki na makombo yote peke yao. Mende mdogo kama huyu anazaliwa, anakua, anazaa ndani ya miezi michache. Hesabu vizazi vingapi vimepita tangu mimi natambaa. Mbu wanafanya hivyo kwa dawa za kupuliza, na vijidudu vya magonjwa kwa vidonge tunavyovimeza nusu nusu."

"Maneno matamu," Komesha akasema. "Lakini mimi nasema wamefundishana. Na nasema shemeji kapaka shubiri. Utaniambiaje?"

"Sikuambii. Tutawauliza wao. Hawa watoto watazaliwa ndani ya chupa. Mama zao tutawatoa wakishazaliwa tu. Hawatakuwa wameona tonge, wala mzoga, wala wewe, wala gauni."

Komesha alinitazama kwa jicho la lawama. Nikaangalia dari.

Watoto walitoka siku mbili mfululizo, wa bekari kwanza, wa shule baadaye, wadogo kama chembe za pilipili manga. Tukasubiri wapate njaa kidogo. Kazi ya rangi ilikuwa yangu, maana ndiyo fani yangu. Nilichukua uji mzito wa unga, nikaugawa mara mbili. Nusu nikatia glukosi na rangi nyekundu ya keki, nusu nyingine nikaacha bila glukosi nikatia rangi ya bluu. Sumu hatukutia. Mtoto wa mende tumbo lake linaonyesha ndani. Alichokula hawezi kukuficha.

Tukaweka matone kwenye kila chupa, nyekundu huku, bluu kule, tukafunika kwa kitambaa, tukaketi. Komesha alikaa kwenye kiti chake karibu kabisa na meza, akajifanya anakarabati kufuli.

Mchana tukafunua. Chupa ya shule: matumbo mekundu, karibu wote, wamevimba kama watoto waliotoroka kwenda kwenye sherehe. Chupa ya bekari: bluu. Bluu, bluu, bluu. Wekundu walikuwa wachache wa kutafuta. Palepale mbele yetu mmoja wa bekari, aliyezaliwa juzi, hana mama, hana baba, hana mjomba wa kumnong'oneza, akasogelea tone jekundu, akagusa, akaruka nyuma, akajifuta uso.

"Ndivyo wanavyofanya," Komesha akasema taratibu. "Hivyohivyo."

"Nani kapaka shubiri hapo?" nikamuuliza.

Lakini msimdharau mume wangu. Hakukimbia; alivuta kiti. Akasema pengine ni rangi, pengine mende wa bekari wamezoea... hapana, hawajazoea chochote, lakini pengine wanapenda bluu. Mwalimu akasema, "Vizuri sana, baba," kwa sauti anayowaambia wanafunzi, na kesho yake tukageuza: glukosi ikawa ya bluu. Matumbo yakageuka nayo. Wa shule wakawa bluu, wa bekari wakawa wekundu.

Usiku ule alijigeuza kitandani mpaka nikamtishia mto. Asubuhi alikuja na hoja yake ya mwisho, na nakiri ilikuwa nzuri, hata Mwalimu aliacha kutafuna.

"Mnasema hawafundishani. Tieni jike zima la bekari ndani ya watoto wa shule. Likae nao. Kama lina la kusema, liseme."

Tukatia. Jike lile, ajuza wa bekari yetu, lilikaa na wale watoto siku kadhaa. Tulipoweka tone la glukosi, jike likafika kwanza, likaonja, likaruka, likajifuta uso mbele ya darasa zima. Watoto wa shule wakalipita kulia na kushoto, wakala mpaka matumbo yakaonekana kutoka mlangoni.

Komesha alisogeza kiti nyuma. Halafu akasema neno moja, "Mimi," akachukua kofia yake akatoka nje.

Nilimfuata uani. Alikuwa amesimama mbele ya baiskeli, anaangalia mende niliyemchora. Nikasema yaliyokuwa kooni tangu siku ya kidole.

"Mdogo wangu amekaa nyumbani wiki ngapi kwa ajili ya mdomo wako? Mkewe anashindwa hata kunisalimia. Na keshokutwa ni mwisho wa mwezi."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Najua kwamba nimewafuga mimi," akasema. "Miaka yote hii nilidhani nawakomesha. Nilikuwa nawachagua, mke wangu. Kila jioni nilikuwa nachagua mama wa mende wa kesho." Hasira yangu ikapungua kidogo, kidogo tu. "Lakini kusema mbele ya watu wote..."

"Ulishtaki mbele ya watu wote."

Siku ya mwisho wa mwezi alivaa suruali yake nzuri. Mimi nilikuwa nimemtumia mdogo wangu ujumbe aje bekari achukue viatu vyake vya kazi. Viatu vilikuwa kisingizio tu, lakini angekuja kwa kitu gani kingine? Alisimama mlangoni, hakuingia. Mama Bosi alikuwa na mkandaji mpya pembeni, kijana wa watu ana mikono laini kama ya karani.

Komesha akaenda mpaka meza ya kukandia. Akalishusha chekeche kutoka kwenye msumari, akachota unga kwa bakuli, akaumimina ndani, akatikisa. Unga laini ukashuka mezani, chenga zikabaki juu.

"Mama Bosi," akasema, "chekeche hili limewafundisha hizi chenga kuwa kubwa?"

Mama Bosi akanitazama mimi, kuuliza kama mume wangu ni mzima. Nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, avumilie.

"Halikufundisha," akajijibu. "Zilikuwa humo tangu mwanzo, zimechanganyika na unga, hakuna aliyeziona. Chekeche limepitisha unga, likaacha chenga. Ukichekecha miaka kama yangu, na chenga ziwe zinazaa, utabaki na chenga tupu. Mende wasiopenda glukosi walikuwemo humu tangu zamani, wachache. Mimi niliwaua wenzao wote nikawaachia nyumba. Hakuna aliyepaka shubiri. Shubiri iko midomoni mwao, wamezaliwa nayo, nimeiona kwa macho yangu nyumbani kwangu, chini ya kitanda changu."

"Chini ya kitanda chako?" Mama Bosi akasema.

"Ni habari ndefu. Kuanzia leo natumia chambo cha karanga, na kabla hawajakizoea... kabla sijawachagua tena, nabadilisha, kisha nabadilisha tena. Hilo ni langu na nitalifanya bure mpaka uniambie basi." Akageuka kuelekea mlangoni. Alikuwa mwekundu wa macho, na sauti yake, ambayo kwa miezi ilikuwa ya kunong'ona ndani ya chumba kile, akaipaza mpaka wapakiaji wakaacha kupakia. "Shemeji! Nilisema kikulacho ki nguoni mwako. Nguo ilikuwa yangu. Nilikusingizia mbele ya watu, nakuomba radhi mbele ya watu. Nisamehe."

Mama Bosi akamwambia yule kijana mwenye mikono laini asante kwa kuja, atamwita siku nyingine.

Mdogo wangu akaingia. Alitembea polepole, akaipita mikono ya mume wangu iliyonyooshwa, akaenda kwenye msumari wake. Akaishusha aproni, akaikunjua, akaikung'uta, akaifunga kiunoni kwa mafundo mawili. Nilijua kwamba asiposamehe, mimi ndiye nitakayekula sikukuu zote kwa mafungu, nusu kwa ndugu, nusu kwa mume. Kisha akarudi, akasimama mbele ya shemeji yake, akaweka kidole mdomoni.

"Shemeji," akanong'ona, "punguza sauti. Wako chini ya meza, wanakusikia."

Na Komesha, baada ya yote yale, baada ya chupa na rangi na matumbo, akainama kuangalia chini ya meza.

Bekari ililipuka kwa kicheko. Mama Bosi alishika tumbo. Mdogo wangu alimwinua mume wangu kwa mikono miwili, wakakumbatiana, unga ukapanda hewani, na wote wawili walikuwa wanalia au wanacheka, sikuweza kutofautisha, nilikuwa na kazi ya kufuta macho yangu mwenyewe.

Jioni ile nilikumbuka chumvi.